Mikono ya Refa

Refa alikuwa na sauti ambayo ukiisikia ukiwa jikoni unazima stovu kwanza, ndipo unajiuliza umezima kwa nini. Tuligawana ukuta mmoja kule mtaa wa Jericho, Nairobi, kwa miaka mingi, yeye na mkewe upande ule, mimi na binti yangu Wambui upande huu, na jioni sikuhitaji kutazama saa kujua ametoka kazini. Alianza kusalimia watu akiwa bado barabarani. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo. Jumapili, akishatoka kanisani, alivaa kaptura nyeusi na soksi za kufika magotini, akaenda kuchezesha mpira kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba zetu. Jina lake nililijua, lakini sidhani kama niliwahi kulitumia. Hata mchungaji alimwita Refa.

Kaptura hiyo aliipiga pasi mwenyewe. Mkewe, Mama Nafula, alipiga pasi nguo za nyumba nzima, lakini hiyo hakuruhusiwa kuigusa.

"Mstari ukienda kombo," Refa alisema, "wataanza kunizomea kabla sijapuliza filimbi."

"Na ukiwa umenyooka?" mkewe akamjibu. "Si watakuzomea tu?"

Ndivyo walivyoishi. Mume ananguruma, mke anamchokoza, mume ananguruma tena huku akijizuia kucheka.

Uwanjani hakuogopa mtu. Kuna mwaka aliwapa wapinzani penalti dhidi ya timu ya kanisa letu wenyewe, mpira ukikaribia kwisha. Vijana walimzingira. "Refa, umekula kitu! Aki Refa, wacha hizo!" Akasimama katikati yao kama nguzo ya stima. "Nimeona nilichoona," akasema, na mkono ukabaki umeonyesha palepale. Mpira ulipoingia wavuni walimfukuza mpaka mtaani. Aliingilia mlango wangu wa nyuma, akajificha nyuma ya pazia, karibu na cherehani yangu. Mama Nafula akasimama mlangoni kwangu akiwa na mwiko mkononi.

"Refa?" akawaambia. "Refa ameenda Nakuru."

Soksi ya Refa ilikuwa inaonekana chini ya pazia. Wale vijana wenyewe walicheka mpaka wakasahau walichokuja kufanya.

Na bado mtu huyohuyo hakuweza kuchinja kuku. Mkewe ndiye aliyechinja, Refa akiwa amesimama nje, uso ameuelekeza barabarani, akiuliza, "Tayari? Imeisha?" Akichomwa na mwiba ilibidi Mama Nafula amshike mguu na kumwimbia kama mtoto. "Huku nje wanamwogopa," mkewe aliniambia siku moja tukianika nguo. "Mimi ninaishi na mtu anayefunga macho akipakwa spiriti." Mama Nafula aliuza mitumba soko la Gikomba, alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kupita ukuta, na nilipokuwa na siku mbaya kicheko hicho kilinitosha hata bila kujua kilichomchekesha.

Mvua za Aprili zilipoanza, ukuta ukanyamaza. Kwanza Mama Nafula aliumwa na kichwa. Halafu shingo ikakauka, akashindwa kuigeuza, akaanza kuniita kwa jina la dada yake. Refa na majirani walimbeba kwa blanketi mpaka kwenye pikapu, wakampeleka hospitali kubwa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Nafula, binti yao, ambaye alikuwa bado mdogo wa shule, alipelekwa kwa bibi yake Bungoma, na Refa akabaki peke yake, akitoka kiwandani anaenda wodini, akitoka wodini anarudi nyumbani bila kusalimia mtu. Ukimwuliza habari za mgonjwa alisema neno moja tu: "Anapigana." Nilidhani ni namna ya kusema. Nilipokwenda kumwona Jumamosi nilimkuta amelala, au anavuta nyuzi za blanketi bila kunijua, nikarudi nyumbani nikawaza Refa anasema hivyo ili kujipa moyo.

Miezi ilipita kabla hajaruhusiwa. Siku aliyorudi tulitoka nje sote kumpokea. Alikuwa amekonda mpaka gauni lake, nililomshonea mwenyewe, lilimzunguka kama shuka. Nywele zilikuwa zimenyolewa. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Lakini alinitambua, akanishika mkono, akasema, "Mama Wambui, umezeeka," na watu wakacheka kwa furaha. Mimi na jirani mmoja tulimshika huku na huku, tukamfikisha mlangoni. Refa alikuwa ametangulia kufungua. Akanyoosha mkono amsaidie kuvuka kizingiti.

Mama Nafula alipiga yowe. "Huyo asinishike! Asinishike! Mwondoeni!"

Refa alirudisha mkono kama aliyegusa jiko. Hakuna aliyecheka tena. Watu walianza kutazamana, halafu wakaanza kutazama chini.

Niseme kwa nini yowe hilo liliniingia mifupani. Mimi niliondoka Thika na mtoto mgongoni kwa sababu ya mikono ya mwanamume. Ninajua mwanamke anavyopiga kelele akidekezwa, na ninajua anavyopiga kelele akiogopa. Niliitazama mikono ya Refa, mipana, iliyopasuka kwa magadi ya kiwandani, mikono niliyokuwa nimeiona miaka yote ikibeba maji na kufunga kamba za viatu vya Nafula. Nikaanza kuiogopa.

Hospitali walikuwa wameeleza mambo machache. Ameze dawa za kuzuia kifafa asubuhi na jioni, asikose. Arudi kliniki. Asishtuliwe, na asikumbushwe mambo mazito, kwa sababu ubongo ulikuwa bado unapona. Refa alinieleza hayo akiwa amesimama nje ya mlango wangu, akiongea chini chini. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na kisu cha jikoni na panga.

"Kaa na hizi," akasema.

"Za nini, Baba Nafula?"

"Sitaki azione kwangu. Na watu wakianza kusema, ziwe zimekaa kwako."

Niliziweka chini ya cherehani. Sikujua kama nimepewa na mtu mwema anayemlinda mkewe asiogope, au na mtu anayejijua. Nilishona siku hizo zote mguu wangu ukigusa lile gazeti.

Nikamsaidia. Mimi ndiye niliyemwogesha Mama Nafula, niliyempa dawa, niliyekaa naye wakati Refa yuko kazini, kwa kuwa cherehani ilihamishika na mteja atakufuata popote. Refa alifanya yale yasiyohitaji kumgusa, na aliyafanya kama mtu anayevuka barabara kubwa. Asubuhi alipika uji, akauweka kwenye kigoda, akarudi nyuma mpaka ukutani, na hapo ndipo mkewe aliponyoosha mkono kuuchukua. Alivua viatu nje. Hakuingia bila kujitangaza, na hilo lenyewe lilikuwa taabu. Akisema polepole, lile sikio halikusikia, na mkewe angegeuka na kumkuta amesimama pale, ashtuke. Akipaza sauti, angeogopa sauti. Basi Refa alijizoeza. Nilimsikia nyuma ya nyumba, karibu na bomba, akiyajaribu maneno hayohayo kwa sauti mbalimbali: "Mama Nafula, ni mimi, naingia. Mama Nafula. Ni mimi. Naingia." Mwanamume aliyenyamazisha uwanja mzima. Alilala sebuleni, sakafuni, miguu kwa mlango, na filimbi yake niliiona ikining'inia kwenye msumari, imeanza kushika vumbi.

Ukuta ule ukawa adui yangu. Nikisikia kikohozi, naamka. Nisiposikia kitu, naamka. Nilikuwa naweka kiganja ukutani kana kwamba ningeweza kuhisi mtu akipumua upande wa pili. Niliogopa kifafa, na niliogopa Refa, na sikujua kipi kitakuja kwanza.

Mtaa nao ulikuwa umeshaamua. Kwenye bomba walisema homa gani hiyo, yule alipigwa kichwani. Wengine walisema walijua zamani, mtu mwenye hasira ya uwanjani ataiacha wapi akifika nyumbani? Nilipoona siwezi tena, nilimngoja Refa jioni moja kabla jua halijatua, nikamwuliza ana kwa ana.

"Baba Nafula, ulimpiga?"

"Hapana."

"Sasa mbona anakuogopa?"

"Ana haki ya kuniogopa," akasema, akaingia ndani.

Usingizi wangu uliishia hapo. Hapana yake niliiamini kwa nusu. Hilo neno la pili ndilo lililonikaa kifuani.

Habari zilifika kwao Mama Nafula, na kaka yake mkubwa akaja kutoka Kitale, asubuhi ya Jumamosi, koti amelishika mkononi. Alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno machache. Tuliketi sebuleni: Mama Nafula kwenye kochi katikati yetu, kikombe cha chai mkononi, na Refa amesimama karibu na mlango, mahali alipozoea kusimama.

"Shemeji," kaka akaanza, "tumesikia mengi. Nimekuja nisikie kwako. Dada yangu anakuogopa kwa nini?"

"Siwezi kueleza hapa."

"Huwezi ama hutaki?"

"Daktari alisema asishtuliwe."

"Na anayemshtua ni nani? Ni mimi ama ni wewe?" Kaka akasimama. "Mama Wambui, tafadhali mfungie nguo zake. Tunaondoka leo."

"Na kliniki?" Sauti ya Refa ilipasuka. "Akishikwa na kifafa njiani je? Ndani ya basi, nani atajua la kufanya? Shemeji, nakuomba. Nichukie, lakini mwache hapa karibu na daktari wake. Mimi nitahama. Nitalala kwa mtu."

Mimi niligeuka nimwulize Mama Nafula anataka nini, maana hakuna aliyekuwa amemwuliza. Macho yake yalikuwa yamekwenda pembeni. Kikombe kikaanguka. Kabla sijamfikia, alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, halafu ukaanza kutetemeka wote.

Kaka yake alimrukia, akamkandamiza mikono. "Kijiko! Leteni kijiko, atajiuma ulimi!" Nami nilikuwa nimeshashika miguu, nikiita jina la Yesu.

"Wachilieni! Nyote wawili! Hakuna kijiko! Msimshike!"

Ilikuwa sauti ya uwanjani. Tangu Aprili hatukuwa tumeisikia, na tulimwachilia palepale, kaka mtu na mimi, kama wachezaji. Refa alisukuma kigoda mbali, akaondoa jiko, akavua sweta yake na kuiingiza chini ya kichwa cha mkewe. Mtetemo ulipopungua alimsukuma bega taratibu mpaka akalala ubavu, mate yatoke. Kisha akauondoa mkono wake upesi, akapiga magoti kando, viganja juu ya mapaja yake mwenyewe.

"Itapita, Mama Nafula," alikuwa anasema, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Itapita. Hakuna anayekushika. Hakuna anayekushika."

Ikapita. Alilala palepale sakafuni, tukamfunika blanketi. Hakuna aliyethubutu kumhamisha. Kaka yake aliketi chini, mgongo ukutani, na koti lake likaloa chai bila yeye kujua. Mara kwa mara niliweka kiganja karibu na pua ya Mama Nafula, na kila mara, kabla pumzi haijanigusa, nilikuwa nimeshamzika.

Aliamka alasiri. Alitutazama mmoja mmoja kama anayehesabu watu wake. Kwa Refa macho yakakaa.

"Ulikuwa hapa," akasema.

"Nilikuwa."

"Hukunishika."

"Hapana."

"Kule ulinishika."

"Nilikushika."

Kaka akainua kichwa. "Kule wapi?"

Refa hakumjibu yeye. Alimwuliza mkewe, "Niseme?" Mama Nafula akaitikia kwa kichwa.

Ndipo akasema. Kule wodini walihitaji kumtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ndefu, waone kama dawa inafanya kazi. Mgonjwa lazima akunjwe, kidevu kikaribie magoti, asisogee hata kidogo. Lakini homa ilikuwa imempanda kichwani, alikuwa anapiga watu mateke, na wauguzi walikuwa wachache kuliko vitanda. Daktari akamwambia, wewe mume wake, mshike. Akamshika, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya magoti, uso kwa uso, mpaka sindano ikaingia na kutoka. Na siku nyingine tena. Na nyingine.

"Alikuwa ananiita," Refa akasema. "Anasema, Baba Nafula, niachilie, wewe ni mtu wangu, niachilie. Sikumwachilia. Waliniambia akisogea atapooza. Mimi nilijua ni kwa nini. Yeye angejuaje? Sindano iko nyuma, haioni. Anayemwona ni mimi." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Ameona alichoona, shemeji. Ningemwambiaje hakuona?"

"Nilidhani ni wewe unanidunga," Mama Nafula akasema polepole.

"Najua."

"Nilidhani unataka kuniua."

"Najua, mama. Nilikuwa naona macho yako."

Nje watoto walikuwa wanaruka bladda, kamba yao ya mpira. Kaka aliokota koti lake, akalitazama lile doa la chai. "Mama Wambui," akaniambia, "kuna chai imebaki?" Kesho yake alirudi Kitale peke yake. Wakiagana mlangoni alimshika Refa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mtu asidhani hofu iliondoka na basi la Kitale. Mama Nafula aliendelea kushtuka. Kujua jambo na mwili kulikubali ni safari mbili. Wiki zilipita uji ukiendelea kuwekwa kwenye kigoda. Halafu siku moja nikiwa naanika nguo nilimsikia akiwa uani, ameketi kwenye mkeka, akiita. "Baba Nafula! Kichwa kinaniwasha. Njoo uangalie hizi nywele zinazoota."

Refa alitoka. Alikwenda kwenye bomba akanawa mikono, akajifuta kwa suruali, akarudi akanawa tena. Alizunguka akaja upande wa sikio zima. "Nianzie wapi?" akauliza.

"Popote."

Niliacha nguo kwenye beseni nikaingia ndani, kwa sababu sikuweza kutazama. Nilikuwa nangoja yowe. Halikuja. Juma lililofuata Mama Nafula mwenyewe alikuja kwangu kuchukua kisu chake.

Aliyebaki na hofu ni Refa. Alirudi uwanjani, filimbi na kaptura na mstari, lakini mapumziko yakifika alikuwa anakimbia nyumbani, anachungulia mlangoni, anarudi mbio kipindi cha pili kianze. Vijana wale wale wa penalti walimngoja bila kulalamika. "Niaje, Refa? Mathe yuko poa?" Akiona mtoto yeyote anakuja mbio kutoka upande wa nyumba zetu, alisimamisha mpira. Mama Nafula alimcheka kwa hilo, kicheko kikarudi kidogo kidogo kupita ukuta wangu, naye Refa akanguruma. Lakini mimi nilimwona alivyokuwa akimtazama mkewe akivuka barabara, midomo yake ikichezacheza kama anayeomba.

Baadaye walihamia Baba Dogo, karibu na kiwanda, na kama ilivyo Nairobi, mtu akihama mtaa amehama nchi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho nilipokwenda soko la Burma kununua matumbo, nikamwona Refa ameketi peke yake kwenye benchi la nyama choma. Alikuwa ameota mvi. Mbele yake kulikuwa na ubao wa nyama iliyokatwakatwa, mafuta yameganda, hata kipande kimoja hakijaguswa. Nilisalimia. Nikazungukazunguka, habari za Nafula, habari za kiwanda, mpaka sikuwa na pa kuzungukia tena.

"Na Mama Nafula?"

"Hayuko," akasema.

Nikakaa kwenye benchi.

"Amepanda basi asubuhi," akaendelea. "Bungoma, kwa mamake. Peke yake, Mama Wambui. Amekataa nimsindikize. Anasema hajashikwa na kifafa kwa miaka, anasema yeye si yai." Akaangalia saa yake, akaifunika kwa kiganja, akaifunua tena. "Tumekubaliana nipige simu dukani kwao jioni. Wakati wenyewe ndio huu. Nimeshindwa kuinuka."

Nilimwinua mimi. Tulikwenda kwenye kibanda cha simu kando ya barabara. Alitoa sarafu, akainua mkono wa simu, akauweka sikioni, akaurudisha. "Piga wewe," akasema, na kunisomea namba aliyoijua kwa kichwa. Ikalia muda mrefu sana. Mwenye duka alipopokea niliuliza kama kuna mama amesafiri kutoka Nairobi, akasema subiri. Nikasubiri. Refa alikuwa amenipa mgongo, uso ameuelekeza barabarani.

"Haloo? Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama Wambui wa Jericho."

"Mama Wambui! Haki ya Mungu! Kwani mwanamume huyo ameshindwa kushika simu?" Akacheka. "Mwambie nimefika. Mwambie nimekula, nimemeza dawa. Na yeye ale, aende nyumbani, aache kusumbua watu." Bado alikuwa anacheka sarafu zilipokwisha.

Refa hakugeuka. "Amesema nini?"

Nikamwambia yote.

"Alikuwa anacheka?"

"Alicheka."

"Kile chake? Kicheko chake chenyewe?"

"Chenyewe, Baba Nafula."

Aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha kibanda. Nyuma yetu mtu aligonga na sarafu, akitaka simu, na Refa akamwinulia kiganja angoje. "Nirudilie," akaniambia. "Polepole. Anzia pale alipokuambia amefika."

Nikamrudilia.